Mkebe wa Biskuti

Usiniulize bei, Bascou. Mkebe huu hauuzwi.
Keti. Msogeze paka. Kahawa ipo, sukari imeisha.

Miaka thelathini na moja nilichonga meno ya bandia
hapa hapa Montevideo, chumba cha nyuma, dirisha moja,
na nikwambie: kicheko nakijua kwa ndani.
Nakijua kinapobana ufizi, nakijua kinapopwaya,
nakijua kinapokuwa cha kuazima.
Vichekesho vile vikubwa, vya masanduku ya dhahabu,
vinavyorudi kila Krismasi vimeoshwa vikang'aa,
watu huvicheka kabla havijachekesha.
Wamekwisha onyeshwa pa kucheka.
Ni meno mazuri. Ila si yao.

Huyu wangu sikuonyeshwa na mtu.
Nilimpata sokoni Tristán Narvaja, Jumapili ya mvua,
chini ya birika bovu na wanasesere wasio na macho,
ndani ya mkebe uliofungwa kwa kamba ya kiatu.
Muuzaji alidhani ni biskuti kweli.
Nilipofungua, siki ikanipiga puani
(unaijua harufu ile, filamu inapoanza kufa),
nikalipa bila kubishana, mikono ikitetemeka
kama mwizi aliyeamua kulipa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Wahenga hawakuwahi kukusanya filamu.

Mtazame. Jina lake limeliwa na ukungu,
zimebaki herufi nne za mwisho, basi namwita Ardo.
Bonge la mtu, masharubu kama brashi ya viatu,
anapandisha kabati la bibi harusi ghorofa ya nne.
Ghorofa ya kwanza, kabati linamlalia.
Ya pili, mlango wa kabati unafunguka, anatoka kuku.
Kuku wa nini? Hakuna anayeeleza, na kuku haonekani tena.
Ya tatu anapiga chafya, na hapo, ngoja,
hapo!
Anaitazama kamera, kufumba na kufumbua,
kama mtu aliyefumaniwa akisali.
Hilo halikuwa la mchezo. Alijisahau,
na hakuna aliyejali kiasi cha kulikata.

Zile mashuhuri zimekatwa kucha zote, Bascou.
Hii bado inaparura.

Kisha ghorofa ya nne: ngazi imeegemea hewa,
Ardo ananing'inia kwa kitasa cha kabati,
bibi harusi dirishani na shela lake na mdomo wazi,
na kitambaa kinabaki cheupe.
Basi. Sehemu ya mwisho haipo.
Nimeandika barua Rosario, nimeandika Porto Alegre,
nimekaa ndani ya basi usiku kucha hadi Salto
kwa padri ambaye, walisema, huficha filamu chini ya madhabahu.
Alikuwa nayo moja tu, ya punda aliyelewa.
Nilirudi na punda.
Punda si mbaya.

Miaka kumi na tisa Ardo hajaanguka.
Alhamisi usiku namwasha, balbu inanuka vumbi,
namwona akishikilia kitasa, nalala nimetulia:
walau mmoja katika mji huu bado ameshika.
Mpwa wangu Nélida huniuliza, "Shangazi, faida yake nini?"
Namwambia, faida ni kwamba nisipocheka mimi,
Alhamisi hiyo hakuna duniani anayemchekea.
Ananitazama kama bili ya umeme.

Wewe mbona kimya? Mbona mfuko umeupakata
kama mtoto wa watu?
Na mbona…
Bascou.
Hiyo siki haitoki kwangu. Mkebe wangu nimeufunika.

Usifungue. Nipe dakika.
Aning'inie kidogo, mara ya mwisho, bila kujua.

Haya. Zima taa.
Hapana, subiri, washa:
sijavaa meno.